Mahali Pasipo na Mlango

Ofisini wanamwita Bi Rula. Jina hilo alipewa na marehemu Mzee, mwenye ofisi wa kwanza, siku alipomwona anapiga mstari mrefu kwa mkono mtupu, kisha mtu akaleta rula kuukagua, na rula ikaona haya. Hilo la rula kuona haya ni chumvi ya Mzee mwenyewe, lakini mkono wa yule mwanamke ulikuwa mkono kweli. Miaka ishirini na saba amekaa kwenye ofisi ile ile ya usanifu majengo, ghorofa ya pili, juu ya duka la vipuri, kwenye meza iliyo karibu na dirisha lisilofungika vizuri. Alianza kwa penseli na wembe wa kukwangulia wino, akakutana na kompyuta akiwa mtu mzima, akalia siku mbili, siku ya tatu akaizoea. Nusu ya majengo ya mji ule yamepita chini ya vidole vyake na hakuna hata moja lenye jina lake. Chini ya kila ramani kuna kisanduku kidogo cha mchoraji, yeye huandika humo herufi mbili, na mara nyingi muhuri wa msanifu huziangukia na kuzifunika.

Hilo halikumuuma kiasi unachodhani. Alilelewa na wafinyanzi, na wafinyanzi hawaandiki majina chini ya vyungu. Mama yake alifariki yeye akiwa na miaka minne, baba akaingia mitini, na dada yake baba ndiye aliyemchukua, akamfunga mgongoni, kesho yake akarudi naye kazini. Kazini kwenyewe kulikuwa kiwanja cha bondeni, nyuma ya karakana za magari, mali ya halmashauri kwa karatasi na mali ya kina mama kwa matumizi. Udongo wa pale ulikuwa mweusi, laini, unaoshika. Wanawake ishirini na zaidi waliuchimba, wakaukanyaga, wakaufinyanga wakiwa wameketi chini, miguu wameinyoosha, chungu katikati ya magoti, migongo wameegemeza kwenye gogo moja refu ambalo hakuna aliyejua lililetwa na nani. Habari zote za mtaa zilipita pale kabla ya kufika kwingine. Aliyegombana na mumewe alikuja pale, aliyefiwa alikuja pale, na asiye na la kufanya naye alikuja, akapewa bonge la udongo alipondeponde. Bi Rula alijifunza kuchora pale, kwa kijiti, kwenye shingo za mitungi mibichi, huku Shangazi akimkosoa. "Mstari wako unayumba, mwanangu. Vuta pumzi kwanza."

Mwenye ofisi wa sasa ni mtoto wa Mzee. Wanamwita Bosi Mdogo tangu alipokuwa akija pale na sare za shule, na ukubwa wote alioupata baadaye haukulifuta lile "Mdogo". Alisoma mbali, akarudi na maneno mapya na ndevu zilizopangwa. Simsingizii: alikuwa mkweli. Angekuwa tapeli, Bi Rula angemkwepa kama alivyowakwepa wengi, na haya yote yasingetokea. Alitaka kujenga nyumba zinazopumua zenyewe bila mashine za kupoza hewa, kuta za matofali ya udongo wa pale pale yaliyoshindiliwa na kukaushwa kivulini, mapaa marefu ya kuvuta upepo, matangi ya kukinga mvua. Na alitaka, hili alilisema kila kikao akigonga meza kwa kidole, jengo lifuate maisha ya watu, si watu wafuate jengo. Halmashauri ilipotangaza kazi ya Nyumba ya Utamaduni ya Jamii, alishinda, wafadhili wakampenda, na kiwanja alichopewa kilikuwa kile cha bondeni.

"Bi Rula," alisema akiwa amesimama mbele ya meza yake, "pale si ndipo kwenu?"

"Ndipo nilipokulia."

"Basi hakuna mwingine. Mimi nikienda watanikaribisha, watanijibu wanachodhani nataka kusikia, tutaagana vizuri. Nenda wewe. Wasikilize, upime, urudi uchore ulichokisikia."

Miaka ishirini na saba hakuna mtu aliyewahi kumtuma akasikilize. Walimtuma apime, asahihishe, anakili, akachukue chapati za saa nne. Siku ile alishuka ngazi akiwa na tepu mkobani, na asikudanganye mtu, mwanamke wa miaka hamsini na mbili alikuwa anatembea kama aliyefaulu mtihani.

Alikuta kina mama wameshasikia. Habari za kuhamishwa hazihitaji barua. Mara mbili huko nyuma walitakiwa kutoka, mara moja kwa ajili ya stendi ya mabasi na mara nyingine kwa ajili ya soko jipya. Mara zote mbili waliendelea kukaa tu, wakifinyanga, mpaka mipango ile ikafia kwenye mafaili.

"Safari hii mmeona mtufukuze kwa tepu," alisema Mama Wembe, ambaye jina lake linaeleza ulimi wake. "Wa stendi walileta polisi. Tepu ni afadhali, haipigi."

"Hafukuzwi mtu," Bi Rula alisema. "Nyumba inajengwa na nyinyi mtakuwemo. Nimeambiwa niwaulize mnataka mahali penu pawe vipi."

Wakatazamana. Shangazi alikuwa analainisha tumbo la chungu kwa kipande cha kibuyu, na hakuacha.

"Kivuli," alisema hatimaye. "Kivuli kisichovuja. Chini pawe udongo, saruji inauma nyonga. Na mgongo upate pa kuegemea."

"Na mlango?" Bi Rula aliuliza huku akiandika. "Mtataka mlango wa kufungia vitu vyenu?"

"Mlango wa nini? Mlango utatiwa kufuli, kufuli litakuwa na ufunguo, na ufunguo lazima akae nao mtu. Leo atakaa nao mmoja wetu. Kesho atautaka mwenyekiti wa kamati. Keshokutwa sisi tuko nje tunamsubiri mwenye ufunguo amalize chai yake. Tuachie bila mlango, mwanangu. Kama palivyo sasa."

Wote wakakubali, hata Mama Wembe, jambo ambalo lilitakiwa kuandikwa mahali. Kisha Bi Rula akawapima. Hakupima kiwanja, alipima watu: kutoka mgongoni hadi kwenye kidole cha mguu ulionyooshwa, kutoka goti hadi goti, urefu wa mkono unaofikia bakuli la maji bila mtu kuinuka. Walicheka mpaka wakasahau kuogopa. "Miguu ya huyo usiitie kwenye hesabu," alisema Mama Wembe akimwonyesha mwenzake mrefu, "itamaliza kiwanja chote, ukumbi mtaujenga barabarani."

Lakini kabla hajakunja tepu, yule yule Mama Wembe aliuliza swali ambalo wengine walikuwa wanalizunguka. "Tukiondoka kupisha ujenzi, nani anatuhakikishia kurudi?"

Shangazi hakuinua kichwa. "Mimi. Huyu nimemlea mwenyewe. Hajawahi kunidanganya."

Wakamtazama Bi Rula. Akasema atapachora kwa mkono wake, na kwamba hapatakuwa na mlango. Wiki mbili baadaye kina mama walichimba udongo wa kuwatosha, wakaufunika kwa magunia yaliyoloa, wakaubeba kidogo kidogo kwenda nao majumbani, wakatoka. Hakuna polisi aliyewahi kuwatoa pale, wakatoka kwa neno la Shangazi.

Miezi minne iliyofuata ndiyo aliyoipenda kuliko yote ya maisha yake ya kazi. Mahali pa kina mama alipaweka upande wa mashariki, ubavuni mwa ukumbi, chini ya paa lililoshuka kidogo: hatua kumi na mbili kwa urefu, sakafu ya udongo, na lile gogo lao limelazwa pale pale lilipokuwa. Vipimo vyote vilikuwa vya miili yao. Wazo la vyungu nalo lilikuwa lake. Utotoni alikuwa akilala mchana nyuma ya rundo la vyungu vilivyovunjika, na alikumbuka jinsi upepo ulivyopita kwenye chungu kisicho na kitako ukatoka upande wa pili umepoa. Alichora vyungu visivyo na vitako, vimelazwa ndani ya ukuta, safu tatu chini ya paa kuzunguka ukumbi mzima, viwe pua za nyumba. Bosi Mdogo alipouona mchoro ule alikaa chini.

"Hiki," alisema, "ndicho nilichokuwa natafuta miaka yote sijui ni nini."

Vilihitajika vyungu mia tatu na kumi na viwili, na kina mama walikubali kuvifinyanga, kwa kuwa nyumba ilikuwa yao.

Sasa inabidi nieleze jambo la kiofisi, nalo ni fupi. Ramani haziendi kwa fundi peke yake. Zinafuatana na jedwali la vyumba, orodha inayotaja kila chumba, ukubwa wake, sakafu yake na dari yake. Katika ofisi ile, tangu enzi za Mzee, vyumba huorodheshwa kwa namba za milango. Mlango wa kwanza ukumbi, wa pili ofisi ya meneja, wa tatu stoo, hivyo hivyo mpaka choo cha mwisho. Mzee aliona fundi huchanganya majina ya vyumba, ila milango hawezi kuichanganya. Aliyekuwa akiandika majedwali yote ni Bi Rula, na chini ya kila jedwali aliandika sentensi ile ile, miaka nenda miaka rudi: ramani na jedwali vikitofautiana, jedwali ndilo linaloshika.

Siku ya kuandika jedwali la Nyumba ya Utamaduni alifanya kama alivyofanya siku zote. Alitandaza ramani, akashika penseli, akapita mlango hadi mlango akitia alama. Milango kumi na minane, vyumba kumi na vinane. Penseli ikapita ubavuni mwa ukumbi, ikavuka mahali pa kina mama, ikaenda zake kwenye stoo ya vyombo. Mahali palipochorwa vizuri kuliko pote katika ramani zile hapakuwa na mlango, na mkono wake ulikuwa na mazoea ya miaka ishirini na saba. Karatasi zikapigwa muhuri, wafadhili wakasaini, halmashauri ikasaini, mkandarasi akapewa nakala yake akaanza kuchimba misingi.

Mambo yaliharibika asubuhi moja ya kawaida tu. Mtu wa vibali alirudisha ramani: ukumbi wa watu mia tatu lazima uwe na maegesho ya magari ishirini na manne. Hakuna aliyeyakumbuka magari, maana Bosi Mdogo mwenyewe huenda kazini kwa baiskeli. Wakakaa watatu kwenye meza kubwa: Bosi Mdogo, Bi Rula na Mkadiriaji, bwana mpole mwenye koti moja ambaye kazi yake ni kuhesabu tofali na mabati ya jengo kabla halijajengwa. Mkadiriaji alipitisha kidole kwenye jedwali, kisha kwenye ramani.

"Upande huu wa mashariki hamna kitu. Magari yatakaa hapa."

"Hapo kuna kitu," Bi Rula alisema. "Hapo ni pa kina mama. Si unaona paa?"

"Paa naliona. Mlango namba ngapi?"

Alifungua kinywa ajibu na hakukuta namba. Alivuta jedwali, akalisoma kutoka juu hadi chini, akarudia kana kwamba mstari mmoja ungeweza kuwa umejificha.

"Hapamo," Bosi Mdogo alisema taratibu. "Bi Rula, nani aliandika hili?"

"Mimi."

"Basi tuongeze. Mlango wa kumi na tisa."

"Hamuongezi kitu," Mkadiriaji alisema, na alisema kwa huruma. "Limeshasainiwa kila upande. Mkandarasi anajenga kilichomo kwenye jedwali, na sentensi ya chini ndiyo hii hapa. Kulibadilisha ni kuirudisha kamati nzima ya mradi kikaoni, na Mwenyekiti wa kamati ndiye aliyeuliza mwenyewe gari lake litakaa wapi."

Bosi Mdogo alijipangusa uso kwa kiganja. Alitembea hadi dirishani, akarudi. Ungemwonea huruma, kama una za kugawa. Mwishoni akasema tutawatafutia mahali awamu ya pili. Kila ofisi ina awamu ya pili yake, na sijawahi kukutana na mtu aliyewahi kuingia humo.

"Nikuombe tu umalizie hayo maegesho," alimwambia Bi Rula. "Au nimpe mwingine?"

Angeweza kusema mpe mwingine. Angeweza kushika mkoba wake na kwenda zake, angeweza kutia ulimi puani na kukaa pale pale bila kugusa chochote. Hakuna aliyemlazimisha, na yeye mwenyewe huwa hasemi kwamba alilazimishwa. Alikaa, akafuta paa, akafuta gogo, akachora nafasi ishirini na nne za magari, kila moja hatua tatu kwa sita, na kabla ya saa ya chakula alikuwa amemaliza. Mistari ilinyooka yote.

Wakati huo vyungu vilivyokuwa vimechomwa ni arobaini.

Kila Jumamosi alikwenda kwa Shangazi, kama alivyokwenda siku zote, na mkate na sukari. Shangazi alikuwa akifinyangia nyumbani kwake, kwenye ujia mwembamba kati ya vyumba vya wapangaji, na kila alipopita mpangaji ilibidi Shangazi akunje miguu yake ya uzeeni. Wenzake walitawanyika hivyo hivyo, huyu uani, huyu chini ya ngazi, huyu alishagombana na mwenye nyumba kwa sababu ya moshi.

"Kwetu kumefikia wapi?" Shangazi aliuliza.

"Kuta zimesimama, Shangazi."

"Nauliza kwetu."

"Hiyo inakuja mwisho. Mambo ya nje huwa ya mwisho."

Kwanza alijiambia kwamba anatafuta njia. Na alitafuta kweli, kwa wiki mbili. Alimwandikia Mwenyekiti wa kamati barua mbili ambazo hazikujibiwa, akaenda kukaa kwenye benchi la ofisi yake mpaka karani akamwonea haya. Baada ya hapo hakuwa anatafuta chochote. Alikuwa anasubiri vyungu. Alijua siku atakayofungua mdomo vyungu vitasimama, na bila vyungu nyumba haipumui, na nyumba isiyopumua ingekuwa banda la udongo tu, joto lake lisingevumilika. Na yeye alikuwa anaipenda ile nyumba. Ndiyo iliyokuwa ya kwanza kutoka kichwani mwake, yake hasa, ijapokuwa muhuri ungekuwa wa mwingine. Ukiondoa maneno yote ya kujitetea, kinachobaki ni hicho.

Basi Jumamosi ikafuata Jumamosi, na mwongo akazoea uongo wake kama alivyozoea kompyuta. Vyungu vikafika mia, vikafika mia mbili. Shangazi alichagua vizuri vyake, akaviwekea alama ya kidole gumba kwa ndani, mahali ambapo hakuna mwingine ambaye angeiona. "Nikikaa pale chini nataka nivijue vyangu," alisema. Bi Rula aliitikia.

Siku ya ufunguzi kina mama walikuja wote ishirini na watatu, wamependeza, wameketishwa safu ya nyuma. Shangazi alikuwa na fimbo mkono mmoja na kifurushi cha kitambaa mkono wa pili. Bi Rula alipokwenda kumsalimu alikigusa kile kifurushi apate kumpokea, akahisi kilichomo kabla hajaambiwa: kipande cha kibuyu, jiwe la kung'arishia, bakuli la maji. Shangazi alikuwa amekuja na zana zake za kazi.

"Nikaona niache kubeba mara mbili," alisema. "Leo hotuba, kesho nianze."

Hotuba zilikuwa nyingi. Ile ya Bosi Mdogo ilikuwa nzuri kuliko zote. Aliwaombea makofi kina mama, akaonyesha vyungu kule juu, akasema nyumba hii inapumua kwa mapafu ya mama zetu, na sauti ikamkatika kweli. Ukumbi ulikuwa na watu mia tatu na hakuna aliyejipepea. Hewa ilikuwa inaingia juu, inashuka, inapita mabegani mwa watu, imepoa kama Bi Rula alivyosema itapoa. Nyumba ilikuwa imefaulu. Alitamani ingekuwa mbaya.

Makofi yalipoisha na watu wakaanza kuelekea kwenye soda, Shangazi aliinuka, akatoka kwa mlango wa pembeni, na wenzake wakamfuata kwa mstari. Walikunja kona ya mashariki wakasimama. Mbele yao yalikuwa magari, yamepangwa vizuri kati ya mistari myeupe, na mbele ya magurudumu, kuyazuia yasigonge ukuta, mkandarasi alikuwa amelaza gogo lao. Alilikuta kiwanjani, akaona linafaa.

Mama Wembe hakusema neno. Hilo ndilo lililomtisha Bi Rula. Mlinzi wa maegesho, kwa adabu zote, aliwaomba mama zake wasogee kidogo, kuna gari linataka kutoka. Wakasogea.

"Ni hapa?" Shangazi aliuliza.

"Ni hapa, Shangazi."

"Wamekubadilishia wao?"

Hapo alipewa njia ya kupita, na bado angeweza kupita. "Nilikosea mimi kwenye karatasi," alisema. "Hapakuwa na mlango, sikupaandika. Walipotaka pa kuweka magari hapakuwa na kitu. Na magari niliyachora mimi."

"Ulijua lini?"

"Zamani kidogo."

"Vyungu vilikuwa vingapi?"

"Arobaini."

Shangazi alitazama juu, kwenye safu tatu za vyungu zilizotokeza chini ya paa. Alikuwa akifanya hesabu, na midomo yake ilicheza kidogo kama anavyofanya anapohesabu vyungu vya kuingia tanurini.

"Basi mia mbili sabini na viwili tumevifinyanga wewe ukijua."

"Shangazi, nilitaka—"

"Wa stendi hawakutuuliza kitu, tukabaki. Wa soko hawakutuuliza kitu, tukabaki." Hakupandisha sauti. "Wewe ulikuja ukatuuliza vizuri."

Akahamishia kifurushi kwapani, akashika fimbo, akaondoka. Wenzake waligawanyika, wakampisha apite katikati, na hakuna aliyemwambia kwamba yeye ndiye aliyewatoa kwa neno lake. Walikuwa na miguu ya kurudia nyumbani na wakarudi nayo. Bi Rula alibaki kati ya magari mawili mpaka Bosi Mdogo alipokuja kumwita kwenye picha. Alikwenda. Ukiitazama ile picha, iko ukutani pale ofisini pamoja na cheti cha tuzo, utamwona pembeni kabisa, wa mwisho, amekunja mikono.

Siku hizi akiandika jedwali haachi kitu nje. Kibaraza anakipa namba, ngazi anaipa namba, kivuli cha mti akikikuta kwenye ramani atakipa namba na kukichorea mlango ambao hauendi popote. Wenzake wanamtania kwamba mwisho atautia mlango mlango. Anacheka nao. Ile awamu ya pili imeshawekwa kwenye ajenda za vikao vitatu, na vikao vyote vitatu vilikwisha kabla ya kuifikia.

Kwa Shangazi aliacha kwenda miezi miwili, kisha akapiga moyo konde. Alikwenda Jumamosi, na mkate na sukari. Udongo ulikuwa umekwisha, na bondeni hawachimbi tena, kwa hiyo mikono ya Shangazi ilikuwa mapajani tu, safi, kwenye ujia ule ule kati ya vyumba vya wapangaji. Bi Rula hakuwahi kuiona mikono ile ikiwa safi siku ya kazi.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Karibu."

Akaketishwa kwenye kiti. Miaka yote alikuwa akikaa chini, pembeni yake, na kiti kile huwekewa wageni. Akaulizwa habari za kazi, akajibu. Akaulizwa kama barabarani kuna vumbi, akajibu. Aliingoja ile "mwanangu" katika kila sentensi na kila sentensi ikaisha bila hiyo.

Kisha akapita mpangaji mpya, mwanamke aliyehamia wiki ile, na ndoo mkononi. Shangazi akakunja miguu ampishe. Yule mwanamke akamtazama Bi Rula, akamtazama Shangazi, akatabasamu.

"Mmefanana kweli. Huyu ni binti yako?"

"Hapana," Shangazi alisema. "Huyo ni wa ofisini. Huwa wanakuja kutuuliza tunataka nini."